Kutu Haipigi Hodi

Mwaka wa kwanza wa ndoa, mimi na mume wangu tulichukua mkopo tukanunua gari. Kila Jumapili tulikuwa Kigamboni, gari tumeliegesha mchangani kabisa. Kwa juu linang'aa! Siku fundi alipolinyanyua, bisibisi yake ilipenya sakafu kama inachoma andazi. Mkopo haujaisha, sakafu imeisha. Usiku ule hatukuongea.

Kumbe chuma kikipata maji na hewa tu kinashika kutu, na chumvi ya bahari inaiharakisha. Tena sisi tulikuwa tunaliosha kwa maji ya kisima yenye chumvi!

Siku hizi tukitoka ufukweni tunaliosha mpaka chini kwa maji yasiyo na chumvi, hasa ndani ya madigadi. Tunazibua vitundu vya chini ya milango ili maji yatoke. Kapeti likilowa, tunalianika.

Na kabla hujapaka ile rangi nyeusi ya chini ya bodi, kwangua kutu yote. Ukiifunika, inaendelea kula kimyakimya. Hata ule ugomvi wetu tuliukwangua hivyo hivyo: tulikaa, tukapiga hesabu ya fundi pamoja, bila lawama.

Mpenzi msomaji, wikiendi hii inama, uchungulie chini ya gari lako.