Mikorosho, viwanja na barabara: mali ya mkulima wa Rasbura

Rasbura ni kata ya Manispaa ya Lindi, na mbele ya sheria wakazi wake ni watu wa mjini. Lakini kama ilivyo katika pembezoni zote za mji huo, riziki ya wengi inatoka shambani: korosho, ufuta, mihogo, nazi, na kwa walio karibu na bahari, samaki. Kuwa mji kwa jina na shamba kwa kazi ndiko kunakoamua nani ana mali, mali hiyo ina thamani gani na inaweza kuuzwa vipi.

Ardhi yote ya Tanzania ni ya umma na Rais ndiye mdhamini wake. Sheria mbili za mwaka 1999, zilizoanza kutumika Mei 2001, ziliigawa njia ya kumiliki mara mbili. Mkulima wa kijiji kilichosajiliwa anaweza kupata hati ya hakimiliki ya kimila kutoka halmashauri ya kijiji chake, bila kikomo cha miaka. Aliye ndani ya eneo la mji anahitaji upimaji, mchoro wa mipango miji na hati yenye muda maalumu, usiozidi miaka 99. Njia ya pili ina gharama kubwa zaidi, na shamba la kurithi likishaingia ndani ya mpaka wa manispaa mara nyingi hubaki bila karatasi yoyote ya serikali. Likiuzwa, kinachoandikwa ni makubaliano ya mkono mbele ya mwenyekiti wa mtaa na mashahidi wachache. Makubaliano hayo yanamtosha jirani. Benki haikopeshi kwa karatasi ya namna hiyo.

Katika pwani ya kusini, hata hivyo, thamani ya shamba tangu zamani ilihesabiwa kwa miti kuliko kwa udongo. Mtu anaweza kumiliki minazi au mikorosho iliyosimama kwenye ardhi ya mwingine. Anaweza kuiuza, kuirithisha au kuiweka rehani bila kugusa ardhi yenyewe. Mikorosho ya rehani huvunwa na aliyekopesha hadi deni lilipwe, na kwa kuwa mavuno hayo kwa kawaida hayapunguzi deni, rehani ya msimu mmoja huweza kudumu miaka. Ni mkopo wa gharama kubwa mno, ila ndio pekee usiohitaji fomu.

Urithi nao unafuata miti. Kwa desturi ya Wamwera, ukoo ni wa upande wa mama, na mjomba alikuwa na kauli kubwa juu ya mali; Uislamu ulileta mafungu yake, mtoto wa kike akipata nusu ya fungu la wa kiume. Familia nyingi huchanganya taratibu hizo mbili. Shamba la mikorosho 60 likigawanywa kwa watoto sita wasiolingana mafungu, kila mmoja hubaki na miti michache iliyotawanyika, na hapo mnunuzi wa kiwanja hukuta saini sita za kutafuta. Ndiyo maana kesi nyingi zinazoitwa za mipaka, ukizichimba, ni kesi za mirathi.

Mkorosho wenyewe ni mti mvumilivu, si wa kuachwa tu. Kwa nafasi ya mita 12 kwa 12, ekari moja inabeba miti 28 hivi. Inapotoa maua, kati ya Juni na Agosti, lazima ipuliziwe salfa dhidi ya ubwiriunga, la sivyo maua hukauka kabla ya kufunga. Uvunaji, ambao kwa kweli ni kuokota, huanza Oktoba. Mabibo hukamuliwa kinywaji cha uraka, biashara ndogo ya akina mama ambayo haimo kwenye takwimu zozote za zao hili. Mti ukitoa kilo 10 na kilo ikauzwa shilingi 3,000, ekari hiyo inaingiza shilingi 840,000 kwa msimu kabla ya makato na gharama.

Historia ya zao hili inaonyesha jinsi makazi na mali vilivyofungamana. Msimu wa 1973/74 Tanzania ilikusanya tani 145,000 hivi za korosho. Kisha ikaja Operesheni Vijiji: watu walihamishwa kutoka mashambani kwao, na mikorosho iliyobaki mbali na nyumba ikaota vichaka. Vyama vikuu vya ushirika vikavunjwa mwaka 1976, ugonjwa wa ubwiriunga ukaongezeka, na kufikia 1986/87 makusanyo yalikuwa chini ya tani 20,000. Makusanyo kupanda tena kulichukua miaka mingi. Msimu wa 2017/18 ulipita tani 300,000.

Leo korosho huuzwa kwa stakabadhi ghalani, mfumo ulioanza mwaka 2007. Mkulima hupeleka mzigo kwenye chama chake cha msingi, AMCOS, unapimwa na kusafirishwa hadi ghala kuu, kisha unapigwa mnada chini ya chama kikuu, ambacho kwa Lindi, Mtama na Kilwa ni Lindi Mwambao. Mkulima hulipwa benki baada ya makato ya ushuru, vyama, magunia na usafiri. Mfumo huu umepunguza upunjaji wa mizani, lakini haujaziba pengo la Februari hadi Septemba, wakati kaya haina fedha. Pengo hilo ndilo soko la kangomba: ununuzi haramu wa kulipa mapema, kwa bei ya kutupa, korosho zikiwa bado mtini. Novemba 2018, wanunuzi walipotoa bei ndogo, serikali ilitangaza kununua zao lote kwa shilingi 3,300 kwa kilo na jeshi likakabidhiwa usafirishaji. Malipo yalichelewa, na wenye shida ya haraka walikuwa wameshauza. Msimu wa 2024/25 mnada ulihamia kwenye mtandao wa Soko la Bidhaa Tanzania, na bei za mwanzo zilivuka shilingi 4,000.

Ufuta, unaovunwa kuanzia Mei, unasaidia kuziba pengo hilo, na Lindi ni miongoni mwa mikoa inayoongoza kwa zao hilo. Mihogo ni ya chakula kwanza.

Kuhusu usafiri, mzigo na abiria wote wanategemea barabara moja. Lindi iko kilomita 450 hivi kusini mwa Dar es Salaam, na kabla ya Daraja la Mkapa kufunguliwa mwaka 2003, msafiri alisubiri kivuko mtoni Rufiji. Kipande cha Ndundu hadi Somanga, kilomita 60 tu, kiliendelea kunasa mabasi kwenye matope kwa miaka mingi kabla ya kuwekwa lami. Mei 2024, mvua za Kimbunga Hidaya zilikata barabara upande wa Kilwa, na bidhaa za madukani zikakwama njiani. Ndani ya manispaa kazi kubwa ni ya bodaboda, na ng'ambo ya hori, kwa Kitunda, ni kivuko. Uwanja wa ndege wa Kikwetu upo, lakini haumsaidii mkulima.

Lami imepandisha bei ya ardhi, na mradi wa gesi asilia umeipandisha kwa matumaini. Eneo la Likong'o, kaskazini mwa mji, lilitengwa kwa kiwanda cha kusindika gesi, na wenye mashamba walilipwa fidia. Hapo wengi waliona kwa vitendo kwamba sheria huhesabu ardhi, nyumba na kila mti, pamoja na posho ya usumbufu, lakini humhesabia yule anayethibitisha kuwa ni vyake. Mazungumzo ya serikali na kampuni za Equinor na Shell yalitangazwa kukamilika mwaka 2023, ila saini hazikufuata upesi. Wakati huo huo madalali wanazunguka pembezoni wakitafuta viwanja. Mwenye mikorosho inayozaa anayepewa bei sawa na mavuno ya misimu mitatu anapunjwa, kwa kuwa mti huo huweza kuwa na zaidi ya miaka 20 ya kazi mbele yake. Apimiwe kwanza, wenziwe wa mirathi watie saini, ndipo azungumze bei.