Sakafu ya Mbao Isiyo na Nyufa

Mkulima akipata fedha za kahawa au za majani ya chai, na karani akiisha kuweka akiba ya mshahara wake kwa miaka kadhaa, jambo ambalo wengi hulitamani ni nyumba iliyo imara. Katika nyanda za juu penye baridi wako wanaochagua sakafu ya mbao ngumu, kwa kuwa haipozi miguu kama saruji, nayo ikitunzwa yaweza kuwatumikia hata wajukuu. Lakini sakafu nyingi za namna hii hupendeza siku ya kuhamia tu. Kabla ya mwaka kwisha nyufa huonekana baina ya mbao, na nyingine huwa pana hata shilingi yaweza kusimama ndani yake.

Ufa katika sakafu si aibu ya macho peke yake. Vumbi hukusanyika humo wala fagio halilifikii. Punje za mahindi huanguka humo na kuwaita panya. Viroboto hutaga mayai, na watoto wao hukua katika vumbi hilo hilo. Funza naye ni wa ukoo wa kiroboto: jike huingia katika mguu wa mtu, mayai yake huanguka chini, na watoto wake hukua katika mchanga na vumbi. Kwa hiyo sakafu iliyoshikamana vizuri ni jambo la afya ya watoto wa nyumba hiyo, licha ya uzuri wake.

Jeki ni Chombo Gani?

Kazi ya mbao za sakafu si ngeni katika Kenya. Reli ilianza kujengwa kutoka Mombasa mwaka 1896, na nyumba nyingi za kwanza za Nairobi zilikuwa za mbao na mabati, zikiinuliwa juu ya nguzo. Baadaye, mwaka 1924, serikali ilifungua chuo huko Kabete, na vijana Waafrika wakafundishwa humo useremala, uashi na uhunzi. Tangu zamani hizo maseremala wamejua ya kuwa nyundo peke yake haitoshi kuzibana mbao ngumu. Mbao hizo huwa na ulimi upande mmoja na mfereji upande wa pili, ili ulimi wa huu uingie katika mfereji wa ule. Mti mlaini hukubali kugongwa, lakini mti mgumu uliopinda kidogo hurudi ulikotoka mara nyundo inapoondolewa.

Hapo ndipo jeki hutumika. Iko jeki ya namna ya zamani, ambayo ina mataya ya chuma yanayouma boriti iliyo chini ya sakafu, na parafujo ndefu inayozungushwa kwa mkono na kuzisukuma mbao. Iko na nyingine yenye wenzo na meno ya chuma: fundi akivuta wenzo, jeki husonga jino moja moja, wala hairudi nyuma mpaka aifungue. Faida ya zote mbili ni moja. Jeki hushika ubao mahali pake, na mikono ya fundi hubaki huru kupigilia misumari.

Asiye na jeki aweza kutumia kabari mbili. Hupigilia kipande cha mti juu ya boriti, umbali mdogo kutoka kwenye ubao, kisha huweka kabari hizo katika nafasi iliyobaki, zikielekeana, na kuzigonga pamoja hata ubao ubanwe. Kazi huenda polepole, lakini ni njema.

Jambo Ambalo Jeki Haiwezi

Watu wengi hudhani kwamba nguvu ya jeki ndiyo izuiayo nyufa. Si hivyo. Jeki huweza kunyoosha ubao uliopinda, lakini haiwezi kuukausha ubao mbichi. Mti unapokauka hupungua upana wake, ingawa urefu wake haubadiliki sana. Ubao mgumu wenye upana wa inchi 6, ukitiwa sakafuni ungali na maji kiasi cha asilimia 20, kisha ukakauka hata asilimia 12, huweza kupungua milimita 2 au 3. Chumba chenye upana wa futi 10 huhitaji mbao 20 za namna hiyo. Kila mmoja ukipungua milimita 2, jumla ya nyufa ni milimita 40, yaani zaidi ya inchi moja na nusu. Misumari haiwezi kuzuia jambo hilo, hata kama jeki ilibana kwa nguvu namna gani.

Basi, kabla ya kumwita fundi, mwenye nyumba na aupime mti wake. Akate kipande kidogo kutoka katikati ya ubao, si kwenye ncha, kwa maana ncha hukauka kwanza. Akipime uzito, kisha akikaushe katika tanuri lenye joto la digrii 103 hivi, akikipima mara kwa mara mpaka uzito usipungue tena. Ikiwa kilikuwa na gramu 560 na sasa kina gramu 500, maji yalikuwa gramu 60, nayo ni asilimia 12 ya uzito wa mti mkavu. Kwa nyumba nyingi za nyanda za juu kiasi hicho chafaa. Fundi mwenye kipimo cha umeme cha unyevu huweza kupata jibu mara moja.

Liko pia kosa la upande wa pili. Hewa ya Pwani ina unyevu mwingi. Mbao zilizokaushwa sana bara, zikipelekwa Mombasa na kubanwa kwa jeki bila kuachiwa nafasi, zitanywa unyevu na kutanuka. Kwa kuwa hazina pa kwenda, sakafu itainuka katikati kama mgongo, au itausukuma ukuta. Mahali kama hapo fundi mwenye busara hubana kidogo tu.

Kazi Yenyewe

Mbao zipelekwe ndani ya nyumba baada ya paa kuezekwa na lipu ya kuta kukauka. Zipangwe zikitenganishwa kwa vijiti ili hewa ipite, zikae humo majuma mawili au zaidi zizoee hali ya nyumba. Chini ya boriti pawe na matundu ya hewa katika kuta, kwa sababu unyevu wa ardhi huozesha mti na kuwaita mchwa.

Ubao wa kwanza ulazwe kwa kufuata uzi ulionyooka, si kwa kufuata ukuta, maana kuta chache zimenyooka kweli. Kati ya ubao na ukuta iachwe nafasi ya nusu inchi kuzunguka chumba chote. Nafasi hiyo hufichwa baadaye kwa ubao mwembamba wa ukingo.

Ubao uliopinda huanzwa kupigiliwa kwenye ncha iliyokwisha kukutana na jirani yake. Kisha jeki huwekwa mahali ufa ulipo. Kati ya jeki na ulimi wa ubao huwekwa kipande cha ubao kibovu chenye mfereji, ili ulimi usivunjike. Fundi husukuma mpaka ufa ufungike, basi, asizidishe. Hutoboa tundu jembamba kwa keekee, hupigilia msumari kwa mshazari katika ulimi, ndipo huifungua jeki. Ubao usiokubali kunyooka kwa nguvu ya kawaida ukatwe vipande vifupi, kwa maana ukilazimishwa utapasuka, au utang'oa misumari baadaye.

Safu za mwisho, karibu na ukuta, hazina nafasi ya nyundo. Jeki yaweza kuegemezwa ukutani, au mtaimbo ukatumika badala yake, lakini kwanza uwekwe mti mnene na mrefu wa kugawanya mzigo. Ukuta mwembamba wa matofali huweza kupasuka ukisukumwa mahali pamoja. Wakati jeki imebana, vidole visitiwe katika ufa, wala mtu asipige kichwa juu yake.

Mti wa Shamba

Zamani sakafu nzuri zilikuwa za mvule, mwaloni wa Meru na mizeituni ya msituni. Mwaka 1986 Serikali ya Kenya ilikataza kukata miti ya asili katika misitu yake, na mbao hizo zikawa adimu. Watu wengi sasa hupasua miti ya mashamba yao wenyewe, kama mikaratusi, na migrivea iliyopandwa kuwa kivuli cha kahawa. Mgrivea hutoa ubao mzuri wenye maua ya kupendeza. Mkaratusi ni mgumu, lakini hupinda na kupungua sana unapokauka. Kwa miti hii jeki ni rafiki mkubwa, nao mkulima apasuaye mkaratusi wake leo asiutie sakafuni mwezi ujao. Aupange kivulini, auwekee vijiti na mizigo juu, angoje mwaka mmoja hivi kwa kila inchi ya unene.

Wako mafundi wanaoziba nyufa kwa gundi na unga wa mbao. Wakiziba wakati wa kiangazi, mvua ikinyesha mbao hutanuka na kuitema gundi hiyo. Mwenye nyumba anayeajiri fundi wa sakafu na amwulize kwanza mbao zimekauka kiasi gani, ndipo amwulize kama ana jeki. Fundi asiyeweza kujibu swali la kwanza asipewe kazi, hata kama jeki yake ni mpya.