Je, Wajua? Gari Linaloondoka Bila Kuguswa Mafuta

Argo, gari la magurudumu manane linalotengenezwa Ontario, Kanada, huvuka tope, theluji na ziwa bila propela. Majini, matairi yenyewe ndiyo makasia.

Lakini gari la aina hii linaweza kuanza kusogea mbele lenyewe, gia ikiwa imeingia na hakuna aliyegusa mafuta. Mshukiwa wa kwanza ni mkanda wa mpira unaounganisha injini na giaboksi.

Mkanda huo hupita kwenye puli yenye sahani mbili. Injini ikichanganya, vizito vilivyomo ndani ya puli hutanuka, sahani hubana mkanda, gari likaondoka. Injini ikirudi sailensa, yaani mzunguko wake wa chini, sahani huachana na mkanda hulegea.

Ni nini huufanya ubanwe wakati usiofaa?

• Sailensa iliyopandishwa mno, au waya wa mafuta ulionata. Vizito hutanuka kabla ya wakati.

• Mkanda usio wa saizi yake. Ukiwa mpana au mfupi kidogo tu, haulegei kabisa.

• Vumbi na kutu kwenye puli. Sahani hugoma kuachana.

Kipimo cha haraka: gia iwekwe huru. Gari likiendelea kusogea, kosa haliko kwenye mkanda. Fundi akague giaboksi na fimbo ya gia.

Na kulizuia kwa breki? Matairi husimama, puli huendelea kuzunguka. Inausugua mkanda mahali pamoja mpaka unaungua.