Sura ya 6: Baada ya Mahema Kukunjwa

Tarehe 3 Desemba 2023 ilikuwa Jumapili, na kwa makanisa mengi ilikuwa Jumapili ya kwanza ya Majilio. Asubuhi hiyo watu wa Katesh na vijiji vya jirani, mkoani Manyara, hawakupata nafasi ya kwenda ibadani. Mvua kubwa ilikuwa imenyesha, na sehemu ya Mlima Hanang ikameguka. Mlima huo ni volkano ya kale yenye urefu wa zaidi ya mita 3,400. Wataalamu wa serikali walieleza baadaye kwamba miamba yake dhaifu ilinyonya maji hadi ikaelemewa. Tope, mawe na magogo vilishuka bondeni, vikafukia nyumba, maduka na barabara. Watu zaidi ya 80 walipoteza maisha.

Siku zilizofuata, Tanzania nzima ilikuwa Katesh. Wanajeshi walichimbua tope, Rais Samia Suluhu Hassan alikatisha safari yake ya Dubai akaja kuwaona waathirika, na malori ya unga, maharage, magodoro na mablanketi yakapanga foleni. Makanisa nayo yalikuwamo, pamoja na misikiti, na hilo ni la kushukuru. Lakini sura hii haihusu siku hizo za mwanzo. Inahusu mwezi wa tatu, wa nane, na mwaka wa pili, wakati kamera zimeondoka na mama aliyepoteza duka lake bado anaishi kwa shemeji, chumba kimoja na watoto wanne.

Hapo ndipo waumini wana kitu ambacho shirika lolote la misaada lingekitamani: wapo. Hawahitaji kufunga safari wala kuomba kibali cha kukaa. Mwinjilisti analala kijijini, na mzee wa kanisa amezaliwa hapo. Jumuiya ndogondogo hukutana kila wiki, nyumba kwa zamu, na kila jumuiya ina katibu mwenye daftari. Daftari hilo limeandikwa majina ya kaya, nani mjane, nani anaumwa, nani amepata mtoto. Wengi wetu tunaliona kuwa kitabu cha michango tu. Siku ya maafa linakuwa chombo cha uokoaji, kwa sababu swali la kwanza la kila mwokoaji ni moja: nyumba hii walikuwa wanaishi watu wangapi?

Daftari hilo lina upungufu mmoja mkubwa, nao ni kwamba limeandika wa kwetu tu. Jirani Mwislamu hayumo. Mzee wa Kibarbaig anayefuata mila za baba zake hayumo, wala kijana aliyepanga chumba mwezi uliopita. Tope halikuuliza mtu anasali wapi. Jumuiya inayogawa unga kwa kufuata orodha ya waumini inajeruhi kijiji kwa mara ya pili, na kidonda hicho hukaa muda mrefu kuliko njaa. Kwa hiyo orodha ya kanisa ipelekwe kwa mwenyekiti wa kitongoji na mtendaji wa kijiji, iunganishwe na yao. Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya mwaka 2022 imeweka kamati za maafa kuanzia ngazi ya kijiji. Kanisa likae ndani ya kamati hiyo, lisianzishe ghala lake la pembeni lenye utaratibu wake.

Sasa nije kwenye mitumba, jambo linaloniuma. Niliwahi kusaidia kuchambua marobota ya nguo zilizochangwa na waumini wa mjini kwa ajili ya watu waliokumbwa na mafuriko. Tulikaa kwenye sakafu ya ukumbi tangu asubuhi hadi giza likaingia. Nakumbuka kiatu cha mguu wa kushoto, cha ngozi, kilichopakwa rangi vizuri, na tulitafuta mwenzake hadi tukachoka. Kulikuwa na masweta yaliyotoboka na gauni la harusi. Ndoo hazikuwamo, sufuria hazikuwamo, wala nguo za ndani na taulo za kike ambazo akina mama walikuwa wameziomba kwa sauti ya chini. Waliotoa hawakuwa watu wabaya. Hawakuuliza, basi.

Kuuliza ndiyo kazi yenyewe. Simu moja kwa mchungaji au padre wa eneo husika, kabla ya kutangaza mchango, huokoa lori zima. Mara nyingi jibu litakuwa fedha, na usione kwamba fedha ni sadaka isiyo na upendo. Maduka yaliyosalimika yapo, na yakiuza, wenye maduka nao wanapona. Mama akishika shilingi mkononi ataamua mwenyewe kama anataka sufuria, nauli au kalamu za mtoto. Kuamua kunamrudishia heshima ambayo foleni ya msaada ilimnyang'anya.

Kalenda nayo itazamwe. Hanang ni wilaya ya wakulima na wafugaji, na Desemba ni wakati wa mvua na kilimo. Familia iliyopoteza jembe, mbegu na ng'ombe wa kulimia mwezi huo haijapoteza vitu vya ndani peke yake. Imepoteza mavuno ya mwaka unaofuata. Tena Januari shule hufunguliwa, na pale Katesh waliokosa makazi walikuwa wamehifadhiwa mashuleni. Usharika unaotaka kusaidia kwa akili uulize: mbegu zinahitajika lini, madaftari lini? Kisha ugawe mchango wake vipandevipande, sehemu sasa, sehemu wakati wa kupanda, na sehemu ibaki hadi nyumba zianze kuezekwa.

Karatasi pia husombwa. Bila cheti cha kuzaliwa, kitambulisho cha NIDA au hati ya kiwanja, mtu hukwama kila mlango anaobisha. Katika kila usharika kuna mwalimu mstaafu, karani au mwanasheria kijana. Mtu huyo akikaa Jumamosi mbili na kalamu, akiwasaidia watu kujaza fomu na kuwasindikiza ofisini, ametoa sadaka kubwa. Na daftari la ubatizo, ikiwa limesalimika, linaweza kusaidia kuonyesha mtoto alizaliwa lini.

Lipo na la mwisho, gumu kuliko yote. Baada ya matanga watu hutawanyika, lakini mvua hurudi. Mtoto aliyesikia mlima ukinguruma ataamka usiku kila bati linapopigwa na matone. Usimwambie mama yake kwamba Mungu alipanga hivyo. Kaa naye. Mwache asimulie hadithi ileile mara ya kumi, na ukiona halali, hali, au anasema hataki kuishi, mpeleke kituo cha afya siku hiyohiyo. Maombi na mganga wa wilaya hawagombani.

Jumapili hii, baada ya ibada, mtafute katibu wa jumuiya yako. Mwombe daftari, hesabu ni kaya ngapi za jirani hazimo, na zungukeni mkaziandike. Kisha nakilini daftari zima, na nakala ya pili itunzwe kwenye nyumba iliyo mbali na mto.