Fedha za kutafiti ngao ya sumaku ya Dunia zipo. Nyeri ijiandae kuziomba

Utafiti wa uga wa sumaku unaoizunguka Dunia ni mojawapo ya nyanja chache za sayansi ambazo nchi iliyo kwenye Ikweta huziingia ikiwa na mtaji wake tayari, kwa kuwa baadhi ya mambo yanayochunguzwa na wataalamu wa Ulaya, Marekani na Japani hutukia juu ya nchi hiyo na hayawezi kupimwa vyema kutoka kwingine. Othaya, mji ulio takriban kilomita 60 kusini mwa Ikweta, umo ndani ya ukanda wa Ikweta pamoja na Nyeri, Karatina na Nanyuki. Linalosalia ni kuugeuza mtaji huo wa kijiografia kuwa ruzuku, vifaa na kazi kwa vijana waliosomea fizikia na hisabati.

Jua humwaga bila kukoma chembe zenye chaji ya umeme, ziitwazo kwa pamoja upepo wa Jua, ambazo husafiri mamia ya kilomita kwa sekunde moja. Zinapoikaribia Dunia, hukutana na uga wa sumaku unaozalishwa na mwendo wa chuma kilichoyeyuka katika kiini cha sayari hii, na nyingi kati yake hukengeushwa. Eneo lote la anga linalotawaliwa na uga huo ndilo huitwa magnetosfia. Jua linaporusha wingu kubwa la chembe hizo, magnetosfia hutikisika na dhoruba ya sumaku huzuka, na mabadiliko ya namna hii kati ya Jua na Dunia ndiyo wataalamu huyaita hali ya hewa ya anga za juu. Mnamo Machi 13, 1989, dhoruba kama hiyo iliangusha mtandao wa umeme wa Quebec, Kanada, ikawaacha watu wapatao milioni 6 gizani kwa takriban saa 9. Ile ya Mei 2024, iliyokuwa kali zaidi katika kipindi cha miaka 20 hivi, ilivuruga vifaa vya kuelekeza trekta kwa setilaiti nchini Marekani katikati ya msimu wa upanzi.

Afrika Mashariki ina hali yake ya pekee. Ikweta ya sumaku, yaani mstari ambapo uga wa sumaku hulala sambamba na ardhi, hupita kaskazini mwa Kenya, katika nchi ya Ethiopia. Mchana, nguvu za umeme huzipandisha chembe za ionosfia, tabaka la hewa lenye chaji lililo juu ya kilomita 80 hivi, kisha chembe hizo huteremka pande zote mbili za mstari huo na kurundikana. Rundo la upande wa kusini hutanda juu ya Afrika Mashariki, na baada ya jua kutua, hasa katika miezi ya karibu na Machi na Septemba, tabaka hilo huweza kupasuka na kuyumbisha mawimbi ya setilaiti. Mpimaji ardhi anayetegemea kipokezi cha bei nafuu kuweka mpaka kati ya mashamba madogo ya majani chai huko Chinga au Iriaini anaweza kupata kosa la mita kadhaa, ilhali mipaka ni chanzo cha kesi nyingi za ardhi. Kwa hiyo utafiti huu unagusa riziki ya mwananchi wa kawaida.

Kenya si ngeni katika uwanja huu. Mnamo Novemba 15, 1971, setilaiti ya Explorer 45 ya shirika la NASA ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco, katika bahari ya Malindi, ili kuchunguza mkondo wa chembe unaoizunguka Dunia wakati wa dhoruba za sumaku. Ilirushwa kutoka Kenya kwa sababu roketi inayoondokea karibu na Ikweta huuingia mzingo wa Ikweta kwa urahisi zaidi. Lakini mradi wenyewe ulibuniwa, ukagharamiwa na kusimamiwa ng'ambo. Funzo lake ni kwamba mahali pazuri pekee hapaifanyi nchi kuwa mmiliki wa elimu inayopatikana hapo.

Leo milango ya ufadhili ni mingi kuliko wakati huo. Kamati ya kimataifa ya fizikia ya Jua na Dunia, SCOSTEP, huwalipia nauli wanafunzi wa uzamifu wanaokwenda kujifunza kwa muda mfupi katika maabara za nje, huku taasisi mwenyeji ikigharamia malazi. Shirika la OWSD limekuwa likiwadhamini wanawake wa nchi zinazoendelea wanaosomea shahada ya uzamifu katika sayansi, na kituo cha ICTP cha Trieste, Italia, kimeandaa warsha nyingi kwa watafiti wa Afrika. Mpango wa Horizon Europe wa Umoja wa Ulaya huruhusu taasisi za Kenya kupokea fedha zikiwa washirika wa miradi, ilhali NASA, katika miradi mingi, hukubali washirika wa nje kwa sharti kwamba kila upande ujilipie. Tofauti hii ni muhimu sana, kwa kuwa mwombaji asiyeisoma huweza kupoteza miezi akiandaa pendekezo lisiloweza kumletea hata shilingi moja.

Mfano wa Chuo Kikuu cha Nairobi unaonyesha mipaka ya ufadhili wa nje. Mwaka 2016 chuo hicho kiliteuliwa katika mpango wa KiboCUBE wa Umoja wa Mataifa na shirika la anga la Japani, na mnamo Mei 11, 2018 setilaiti yake ndogo, 1KUNS-PF, iliachiliwa kutoka Kituo cha Kimataifa cha Anga. Mpango huo ulitoa nafasi ya kurushwa. Gharama ya kuiunda setilaiti ilibaki mikononi mwa chuo na washirika wake. Hivyo ndivyo ruzuku nyingi zilivyo: humwongezea aliyekwisha kuanza.

Ndiyo maana fedha za nyumbani zina uzito wa kwanza. Sheria ya Sayansi, Teknolojia na Ubunifu ya mwaka 2013, iliyotiwa saini na Rais Mwai Kibaki, mzaliwa wa Othaya, katika miezi ya mwisho ya utawala wake, iliunda hazina ya kitaifa ya utafiti na kuitengea asilimia 2 ya pato la taifa. Matumizi ya utafiti nchini hayajafikia hata nusu ya kiwango hicho. Wabunge wa maeneo ya Mlima Kenya, ambao hulitaja jina la Kibaki kwa heshima, wana wajibu wa kuidai ahadi hiyo kila bajeti inaposomwa.

Wakati huohuo, kazi ya kuanzia si ya mabilioni. Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Dedan Kimathi, Nyeri, kina taasisi ya jiomatiki, yaani sayansi ya upimaji na uchoraji wa ramani, na Chuo Kikuu cha Karatina hakiko mbali. Magnetomita, kifaa cha kupima uga wa sumaku, huhitaji mahali palipo mbali na magari, mabati na nyaya za umeme, na mahali kama hapo hapakosekani kwenye miteremko ya Aberdare. Kituo kimoja kinachorekodi bila kukatika kwa miaka kadhaa, kikishirikiana na kituo cha Hermanus, Afrika Kusini, kinachotoa taarifa za hali ya hewa ya anga za juu usiku na mchana, kitawapa watafiti wa Nyeri kile ambacho kila mfadhili hukitafuta kwanza: data zao wenyewe, na watu wanaozielewa.