Kiwavi huyu ni yupi? Ringi ya kamera inavyosaidia shambani Kilosa

Mkulima wa mahindi wilayani Kilosa akikuta kiwavi kwenye jani, kabla ya kukimbilia duka la dawa anatakiwa ajue kitu kimoja: ni kiwavi gani huyo?

Wapo viwavijeshi wa siku zote, wanaotembea kwa makundi na kula majani waziwazi. Kilosa inawajua vizuri. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 wilaya hii ilikuwa sehemu ya majaribio ya kutabiri milipuko yao, wanavijiji wenyewe wakitumia mtego wa nondo na kipimo cha mvua.

Halafu kuna viwavijeshi vamizi, wageni kutoka bara la Amerika, walioripotiwa Afrika mwaka 2016 na Tanzania 2017. Hawa hujificha katikati ya majani machanga, na wakishazama humo dawa haiwafikii vizuri. Ukichelewa kuwatambua, hela ya dawa imekwenda na mahindi nayo yamekwenda.

Kiwavi vamizi ana madoa manne meusi karibu na mkia, yamekaa kama pembe za mraba, na usoni ana alama kama herufi Y iliyopinduliwa. Shida ni kwamba akiwa mdogo, wakati ambao dawa bado inasaidia, ana urefu wa milimita chache tu. Picha ya simu ya kawaida inakuletea kijiti cha kijani kisichoeleweka.

Hapo ndipo inapoingia ringi ya kurefusha lenzi. Ni bomba fupi linalofungwa kati ya kamera na lenzi. Ndani hamna kioo, ni hewa tupu, ndiyo maana bei yake iko chini sana ukilinganisha na lenzi maalumu ya vitu vidogo. Kazi yake ni kuisogeza lenzi mbali na sensa, na lenzi ikisogea hivyo inaweza kuona kitu kilicho karibu zaidi.

Hesabu yake ni rahisi. Gawanya urefu wa ringi kwa namba ya lenzi. Ringi ya milimita 36 kwenye lenzi ya milimita 50 inaongeza ukuzaji wa 0.72. Jumlisha na 0.15 hivi ya lenzi yenyewe, unapata karibu 0.87, yaani kitu kinatua kwenye sensa kikikaribia ukubwa wake halisi. Kwa kamera yenye sensa ya upana wa milimita 22, kiwavi wa milimita 10 atachukua zaidi ya theluthi ya upana wa picha. Bila ringi angechukua kama sehemu moja ya kumi na tano.

Lakini kuna gharama yake. Mwanga unaofika kwenye sensa unabaki kidogo zaidi ya robo. Sehemu inayotoka kali haifiki hata milimita moja, kwa hiyo macho yakiwa safi, mkia unakuwa ukungu. Na lenzi inabidi iwe sentimita kama 10 kutoka kwa mdudu.

Kwa hiyo piga asubuhi, upepo ukiwa umetulia na wadudu bado wazito. Acha kuzungusha fokasi. Sogeza mwili wako mbele na nyuma taratibu huku ukipiga picha nyingi. Piga kichwa peke yake, mkia peke yake, kisha kiwavi mzima akiwa pembeni ya rula. Hizo tatu zinamtosha afisa ugani kuanzia, hata ukimtumia kwa WhatsApp.

Unaponunua, angalia kama ringi ina vile vituo vya shaba vya umeme. Zile za bei ya chini kabisa hazina, na kwenye kamera nyingi hutaweza kubadili tundu la lenzi wala kutumia fokasi ya yenyewe. Na usiifunge kwenye lenzi pana ya milimita 18. Kitu kitatakiwa kiwe karibu mno, pengine hadi kigusane na kioo.

Ringi hiyohiyo ina kazi Mikumi, mji mdogo uliomo ndani ya wilaya hii, jirani na hifadhi. Huko mdudu anayesumbua watu ni mbung'o, anayeeneza malale kwa binadamu na nagana kwa ng'ombe. Wengi humchanganya na nzi wengine wakubwa wanaouma. Mpige akiwa ametua kwenye kioo cha gari: mabawa yake hulaliana kama mkasi uliofungwa, na katikati ya bawa kuna umbo kama shoka dogo.

Badilisha ringi madirisha yakiwa yamefungwa, maana vumbi la njia za hifadhini likiingia kwenye sensa litaonekana kwenye kila picha. Na ukimaliza, itoe. Kamera yenye ringi haioni mbali, na tembo akikatiza mbele ya gari utaondoka na picha ya ukungu wa kijivu.