Ukaguzi wa Vifaa vya Umeme Kazini: Macho Kwanza, Kipimo Baadaye

Wengi wanaokuja kujifunza kukagua vifaa vya umeme vya kazini, kama mabirika, pasi, drili na ekstensheni, hutamani kushika mashine ya kupimia siku ya kwanza. Mwalimu mzuri huwacheleweshea. Sehemu kubwa ya kasoro huonekana kwa macho: waya uliochubuka ukafungwa solotepu, plagi iliyobabuka, fyuzi iliyoondolewa ikawekwa kipande cha waya.

Fyuzi inahitaji hesabu kidogo. Birika la wati 2000 kwenye umeme wa volti 230 huvuta karibu ampea 9, hivyo fyuzi ya 13 ni sawa. Taa ya mezani inatosheka na ya 3. Ukiitia ya 13 itawaka bila shida, lakini ikipata hitilafu, waya wake mwembamba unaweza kuungua kabla fyuzi haijakatika.

Tanzania, Kenya na Uganda tumerithi plagi ya Kiingereza ya pini tatu, na tumezoea kosa moja baya. Plagi ya pini mbili ikikataa kuingia, mtu huchomeka kalamu kwenye tundu la juu. Pini ya juu ni ya ethi; ni ndefu makusudi, itangulie kuingia na kufungua vifuniko vya matundu ya chini. Kalamu hufungua vilevile, ila haileti ethi, na pini zisizolingana na soketi hulegea na kupata moto. Pasi ya bati ikichomekwa hivyo, waya wa moto ukigusa bati, njia ya umeme kwenda ardhini ni mwili wa anayepiga pasi.

Sasa mashine, na hapa mpangilio ni lazima. Kifaa chenye bodi ya chuma hupimwa ethi kwanza: kutoka pini ya ethi hadi kwenye chuma, ukinzani uwe mdogo sana, karibu omu 0.1 ukiongeza ule wa waya wenyewe. Ndipo hupimwa kihami kwa volti 500, na kisipungue megaomu 1. Ukiruka hatua ya kwanza, utadanganywa. Waya wa ethi ukiwa umekatika, kipimo cha pili hakina pa kupita. Kitasoma vizuri kabisa, nawe utabandika stika ya "salama" kwenye kifaa kinachoweza kuua.

Ndiyo maana siiamini stika peke yake. Hata Uingereza, kanuni za mwaka 1989 zinataka vifaa vitunzwe visilete hatari; hazisemi kila kifaa kipimwe kila mwaka. Drili ya eneo la ujenzi ikaguliwe mara nyingi kuliko kompyuta isiyoondoka mezani.

Waajiri, mpelekeni mtunza stoo wenu akasomee kazi hii. Akirudi, mpeni mamlaka ya kuondoa kifaa kibovu papo hapo, hata kikiwa birika la ofisi ya meneja.